Nembo Isiyohitaji Jina: Popo wa Batman katika Katuni ya 1992



Jumamosi ya tarehe 5 Septemba 1992, televisheni ya Fox nchini Marekani ilianza kuonyesha, katika saa zake za watoto, mfululizo wa katuni ambao dunia nzima sasa inaujua kama Batman: The Animated Series. Jina hilo tumelisoma magazetini, kwenye majalada ya kanda na kwenye maboksi ya vikaragosi. Lakini mtu akiketi autazame utangulizi wa kipindi chenyewe, ule wa dakika moja hivi unaotangulia kila hadithi, hataliona. Kuna muziki, kuna wizi wa benki, kuna mapigano juu ya ghorofa na kuna radi, ila jina la kipindi halijaandikwa mahali popote. Kwa kazi ya televisheni hili ni jambo la ajabu sana. Mwenye kipindi hulipia kila sekunde ya utangulizi ili mtazamaji alishike jina, na hapa watengenezaji wawili, Bruce Timm na Eric Radomski, waliitumia dakika yao yote bila kulitaja. Leo nataka nieleze ni kwa nini waliweza kufanya hivyo na wasipate hasara. Dai langu ni kwamba nembo ya popo imejengwa kwa kivuli na mwanga, vitu vilevile vilivyoijenga hadithi nzima, na kwa sababu hiyo hadithi inapoanza kutembea nembo imekwisha kuonekana. Kuandika jina juu yake kungekuwa kumweleza mtu jambo ambalo ameshaliona kwa macho.

Nembo nyingi za katuni hazikujengwa hivyo. Nyingi ni jina lililovalishwa nguo nzuri. Tazameni The Simpsons, iliyoanza kama mfululizo kamili mwezi Desemba 1989: mawingu yanafunguka, herufi za njano zinatukabili, nasi tunapita katikati yake hadi mjini Springfield. Ni ufunguzi mzuri na umedumu miaka mingi, lakini ukizifuta zile herufi utabaki na mawingu tu. Herufi ndizo nembo. Katika Batman ya 1992 mambo yamegeuka, na ili tuone yamegeuka vipi hatuna budi kuufuata utangulizi wenyewe hatua kwa hatua.

Kitu cha kwanza kwenye skrini ni ngao ya Warner Bros., yenye herufi W na B. Ngao hiyo haipotei kwa kufifia kama ilivyo desturi. Inabadilika umbo mbele ya macho yetu na kuwa ndege-puto ya polisi inayoelea juu ya jiji la Gotham, taa yake ikimulika chini. Mlipuko unafungua benki, na majambazi wawili wanakimbia hadi juu ya paa, vivuli vyeusi chini ya mbingu nyekundu. Kisha kivuli cha tatu kinatua. Sura haionekani wala mdomo. Tunaona masikio mawili yaliyochongoka, joho lililotanda, na macho mawili meupe ambayo hayana mboni. Jambazi anatoa bastola, na kifaa kilichokatwa kwa umbo la popo kinaitupa mbali na mkono wake. Mapigano ni mafupi. Polisi wanapofika wanawakuta majambazi wamefungwa kamba, na mmoja wa askari anainua macho kutazama juu. Pale kwenye kilele cha jengo kuna umbo jeusi tupu. Radi inapiga, na kwa muda mfupi kabisa tunamwona mtu mzima: kijivu, buluu iliyokoza, na kifuani duara la njano lenye popo mweusi ndani yake.

Hapo ndipo jina lingewekwa katika kipindi kingine chochote, na mahali pake pameshikwa na radi. Nawaomba mwangalie ni nini kinachotokea katika picha ile ya mwisho. Mwanga umezunguka kitu cheusi chenye masikio mawili na kingo zilizokatwa kama meno ya bawa. Kifuani pake, kwa udogo, mna rangi ya mwanga iliyozunguka kitu cheusi chenye masikio mawili na kingo zilizokatwa vilevile. Mtu na alama yake wana umbo moja. Jengo zima limekuwa kifua, mbingu imekuwa duara la njano, na Batman mwenyewe amesimama mahali pa popo. Wachoraji wametuonyesha nembo mara mbili katika picha moja, kubwa na ndogo, na sioni maneno yangeongeza nini.

Umbo hilo lina historia, na historia yake inatusaidia kuona kwamba halikupatikana kwa bahati. Batman alitokea mara ya kwanza katika toleo la 27 la Detective Comics, lenye tarehe ya Mei 1939. Alama ya kifuani wakati huo ilikuwa popo mweusi aliyewekwa moja kwa moja juu ya kitambaa cha kijivu, na wachoraji walikuwa wakimbadilisha wapendavyo, leo bawa fupi, kesho bawa refu. Mwaka 1942, katika toleo la 60, ikaingia taa kubwa ya kumulika inayowashwa na polisi kumwita Batman: mwale wa mwanga unapanda mawinguni na katikati yake kuna kivuli cha popo. Miaka ishirini na miwili ikapita kabla ya mwaka 1964, ambapo mhariri Julius Schwartz na mchoraji Carmine Infantino walimpa Batman sura mpya na popo wa kifuani akatiwa ndani ya duara la njano lenye umbo la yai. Kwa maoni yangu badiliko la 1964 ni kuihamisha taa ya polisi kutoka mbinguni na kuileta kifuani. Njano ile ni mwanga, na popo ni kitu kinachouzuia. Tangu siku hiyo nembo ikawa na kanuni inayoweza kufuatwa na mchoraji yeyote kwa nyenzo yoyote: weka mwanga, kisha weka kivuli mbele yake.

Timm na Radomski waliirithi kanuni hiyo na wakaifanya kuwa kanuni ya kipindi kizima. Kwa kawaida wachoraji wa mandhari za katuni hupaka rangi juu ya karatasi nyeupe, na giza huongezwa baadaye pale linapotakiwa. Radomski aliagiza mandhari za Gotham zichorwe juu ya karatasi nyeusi. Maana yake kiutendaji ni kwamba mchoraji hachori giza, analikuta. Anachochora ni taa ya barabarani, dirisha lenye mtu, ukingo wa jengo ulioguswa na mwezi. Kila kitu ambacho hakikupakwa rangi kinabaki usiku. Timm naye aliwapa wahusika maumbo machache na makubwa, mabega mapana, taya la mraba, mistari michache ya nguo, akifuata kwa sehemu katuni za Superman zilizotengenezwa na studio ya Fleischer mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mhusika wa namna hiyo hutambulika hata akijazwa weusi mtupu. Kwa hiyo karatasi nyeusi na maumbo mapana vinafanya kazi moja: vinaifanya kila picha iwe jamaa wa nembo. Kipindi chenye mandhari nyeupe na wahusika wenye mistari mingi kingeweza kuwa na popo yuleyule kifuani, na bado popo huyo angekuwa pambo tu.

Sasa niseme kuhusu maana ya popo mwenyewe, kwa sababu umbo likiwa zuri na halina maana linachosha upesi. Katika hadithi za 1939, Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman mwenyewe, anatafuta sura itakayowatia hofu wahalifu, popo anaingia dirishani, naye anamchukua kama ishara. Popo ni hofu, basi. Wasikilizaji wa Unguja na Pemba hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 1995 taharuki ya popobawa, pepo aliyesadikiwa kuwajia watu usiku, iliwafanya watu huko watoke majumbani na kulala nje kwa makundi. Lakini popo ana maana ya pili ambayo sisi tuliolelewa na ngano tunaijua vizuri, nayo ni ya mnyama asiye na kwao, ambaye ndege wanamkataa kwa kuwa ana meno na wanyama wanamkataa kwa kuwa anaruka. Batman ni wa namna hiyo. Anafanya kazi ya polisi bila kuwa polisi, na anavunja sheria kwa niaba ya sheria. Hadithi ya kwanza kutengenezwa katika mfululizo huu, iitwayo On Leather Wings, inalichukua jambo hilo moja kwa moja. Kiumbe mkubwa mwenye mabawa anavunja maabara za dawa usiku, mlinzi anaeleza alichokiona, na askari Bullock anahitimisha kwamba mhalifu ni Batman. Anapewa kikosi cha kumsaka. Mkosaji halisi ni daktari aliyejigeuza kuwa nusu mtu nusu popo. Yaani watengenezaji walipoketi kutunga hadithi yao ya kwanza kabisa, walichagua kuuliza kivuli cha popo ni cha nani, na wakaonyesha kwamba watu wa Gotham hawawezi kulijibu swali hilo kwa kutazama umbo peke yake. Nembo iko ndani ya kisa, inaleta mashaka, inasababisha msako. Mimi sijui katuni nyingi ambazo alama yake imepewa kazi nzito hivyo.

Kuna pingamizi moja kubwa dhidi ya haya yote, na ni la haki. Mtu atasema: Batman alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Nani asiyemjua? Filamu ya Tim Burton ya 1989 ilikuwa imejaza nembo hiyo kwenye fulana na kofia. Bango lake la kutangulia lilikuwa na popo tu na tarehe ya kutoka filamu. Filamu ya pili ilitoka Juni 1992, miezi michache kabla ya katuni. Kuacha jina katika hali hiyo hakuhitaji ujasiri wala sanaa, ni kutumia umaarufu uliokwisha kulipiwa na wengine. Nakubali sehemu ya kwanza ya hoja hii. Mhusika mpya asiyejulikana asingeweza kufunguliwa hivyo. Watazamaji wangebaki wakiulizana wanaangalia nini. Lakini umaarufu unatoa ruhusa tu, hautoi matokeo. Mfululizo wa waigizaji wa mwaka 1966, ule wa Adam West, ulikuwa na mhusika huyohuyo na ulipata umaarufu mkubwa, na ufunguzi wake ulitangaza jina kwa herufi nene. Hata ngumi ziliandikwa kwa maneno yaliyojaa skrini. Watengenezaji wake walitaka kuchekesha kwa kuigiza ukurasa wa komiki, na kwao maandishi yalikuwa sehemu ya mchezo. Ruhusa ilikuwapo, hawakuihitaji.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka ndani ya mfululizo wenyewe. Baada ya hadithi 65 za kwanza ziliagizwa nyingine 20, na kuanzia mwaka 1994 kipindi kilipewa jina jipya, The Adventures of Batman & Robin, ili Robin, msaidizi wa Batman, atajwe waziwazi. Ufunguzi ulitengenezwa upya kwa kuunganisha vipande vya hadithi zilizokwisha kuonyeshwa, na safari hii jina likaandikwa. Umaarufu wa Batman haukuwa umepungua kati ya 1992 na 1994. Kilichobadilika ni kwamba ufunguzi mpya haukuwa na kisa. Ulikuwa mfuatano wa mapigano na magari, na mfuatano wa aina hiyo hauna mahali pa kufikia, kwa hiyo ulihitaji maneno ya kuufungia. Ukivitazama viwili hivyo kwa kufuatana utaona wazi kwamba ule wa kwanza uliweza kukaa bila jina kwa sababu ulikuwa hadithi kamili ambayo mwisho wake ni nembo. Robin, kwa upande wake, hana kivuli kinachotambulika kama cha mwenzake. Ukitaka mtu ajue yumo, huna njia ila kumwandika.

Pingamizi jingine linahusu fedha. Popo ndani ya duara ni alama ya biashara, ni mali ya kampuni, na ngao ya Warner Bros. inatangulia kila kitu kwenye skrini. Kwa nini basi tuzungumze habari za sanaa na maana, wakati tunachokiona ni muhuri wa mwenye mali? Siwezi kukanusha kwamba ni muhuri. Kampuni ya Kenner ilitengeneza vikaragosi vya mfululizo huu, na kwenye maboksi yake jina liliandikwa kubwa, kwa sababu dukani boksi linagombea jicho la mnunuzi na maboksi mengine mia. Hilo lenyewe linathibitisha kwamba watu hawa walijua tofauti ya mahali na mahali. Dukani nembo inasimama peke yake, haina usiku, haina radi, haina jambazi wa kuogopa, ndipo inapohitaji herufi. Na ile ngao ya kampuni, ambayo kisheria ni lazima iwepo, imegeuzwa ndege-puto ya polisi. Wangeweza kuiacha ikae pembeni kama kibandiko. Wakaipa kazi mjini Gotham, wakaifanya iwe mwanga wa kwanza unaowinda gizani. Biashara iliwawekea masharti, nao wakayatimiza masharti hayo ndani ya hadithi.

Wapo pia wazazi wanaouliza kama ni sawa kufungua kipindi cha watoto kwa alama ya hofu. Swali ni zito kuliko jibu langu, lakini jibu ninalo. Katika dakika ile anayeogopa ni mwenye bastola. Hakuna anayeuawa, majambazi wanaachwa wamefungwa, wanakabidhiwa kwa askari. Mtoto anawekwa upande wa kivuli, na anajifunza kwamba giza nalo linaweza kuwa na mlinzi.

Kanuni ya mwanga na kivuli ilithibitika tena pale watu walewale walipolazimika kuibadilisha nembo. Mwaka 1997 Timm alichora wahusika upya kwa ajili ya The New Batman Adventures, na duara la njano likaondolewa. Popo mweusi akarudi juu ya kijivu kama mwaka 1939, mkubwa zaidi na mwenye kingo kali. Aliweza kusimama bila duara kwa sababu vazi la kijivu lilitosha kuwa mwanga wake. Mwaka 1999, katika Batman Beyond, vazi la shujaa mpya likawa jeusi kutoka kichwani hadi miguuni, na hapo popo mweusi angemezwa. Basi popo akawa mwekundu, ametandaza mabawa kifua kizima. Huu ni ugeuzaji kamili: nembo imekuwa mwanga na mtu amekuwa kivuli. Rangi zimebadilika na duara limetoweka, ila uhusiano wa vitu viwili umebaki, na mtazamaji aliyezoea mfululizo wa 1992 hakupata taabu kumtambua. Nembo ambayo ingekuwa jina lililopambwa isingestahimili mabadiliko ya namna hiyo, maana ukibadilisha herufi umebadilisha jina.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kuliacha, kwa kuwa nimezungumza muda wote huu juu ya umbo na sijasema nani alilifanya. Mchoro wa kwanza wa Batman, uliochorwa na Bob Kane, ulikuwa na mtu aliyevaa nguo nyekundu ya kubana, kibarakoa kidogo cha machoni, na mabawa magumu mgongoni. Bill Finger, mwandishi aliyetunga pia hadithi ya kwanza ya Batman, ndiye aliyeshauri barakoa ya kichwa yenye masikio, joho lenye kingo zilizokatwa kama bawa badala ya mabawa yale magumu, na nguo ya kijivu. Masikio, kingo za joho, kijivu kinachomfanya popo aonekane: kila nilichowaonyesha katika picha ile ya radi kilitokana na ushauri wake. Lakini mkataba wa Kane na mchapishaji ulimpa Kane peke yake haki ya kutajwa, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika hadithi zote 85 za mfululizo wa 1992. Kutoandika jina la kipindi ulikuwa uamuzi wa kisanaa na ulikuwa sahihi. Kutoandika jina la Finger ilikuwa dhuluma, na uzuri wa kazi hauifuti. Finger alifariki mwaka 1974. Makubaliano ya kumtaja yalitangazwa Septemba 2015, na tangu hapo jina lake huonekana pamoja na la Kane katika kazi za Batman.